Siku saba na mama yangu ndani ya Queen Anne

Mama yangu ni mzaliwa wa Lamu, binti wa nahodha aliyekuwa akipandisha boriti hadi Ghuba kwa upepo wa kusi na kurejea kwa kaskazi akiwa amepakia tende. Ameishi maisha yake yote mbele ya bahari, lakini hakuwahi kulala baharini hata usiku mmoja, kwa sababu enzi za babu wanawake waliagana na vyombo ufukoni, kisha wakarudi nyumbani kusubiri. Alipotimiza miaka 72 na kuja kunitembelea Uingereza, ninakofanya kazi ya uuguzi, sikuhitaji kufikiri sana juu ya zawadi ya kumpa. Nilitulipia chumba chenye roshani ndani ya Queen Anne, meli mpya ya kampuni ya Cunard, kwa safari ya siku saba ya kiangazi kutoka Southampton hadi kwenye fyodi za Norway, yaani zile ghuba nyembamba na ndefu zinazopenya katikati ya milima.

Meli hii ilijengwa na Fincantieri katika karakana ya Marghera, karibu na Venice, na ilianza kubeba abiria tarehe 3 Mei 2024. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 3 Juni, ilipewa jina rasmi mjini Liverpool, mji ambako meli ya mvuke ya Britannia iling'oa nanga mwaka 1840 na kuanzisha huduma ya kampuni hiyo ya kuvuka Atlantiki. Nahodha wake wa kwanza alikuwa Inger Klein Thorhauge wa Visiwa vya Faroe, ambaye mwaka 2010 alikuwa mwanamke wa kwanza kukabidhiwa meli ya Cunard. Nilipomweleza mama habari hiyo alinyamaza kidogo, kisha akataka kuoneshwa picha yake. Meli ina urefu wa zaidi ya mita 320, sitaha 14 na nafasi ya abiria wapatao 3,000. Ni kubwa, lakini haishindani na Icon of the Seas, iliyoanza safari mwaka huohuo ikiwa na sitaha 20 na bustani ya mitelezo ya maji. Mwenye watoto wadogo wanaotaka kuteleza na kurukaruka mchana kutwa atafute meli ya namna hiyo. Queen Anne imetengenezwa kwa ajili ya watu wanaotaka kuketi, kula kwa utaratibu, kusikiliza muziki na kutazama maji.

Kabla sijaendelea, niseme jambo moja kwa wenzangu wenye pasipoti za kwetu, kwa sababu nusura litukoseshe safari nzima. Wakala mmoja wa usafiri niliyemwendea mwanzo, ambaye si wa kampuni hii ya meli, alinihakikishia kwamba abiria wa meli hahitaji viza kwa kuwa analala melini. Si kweli. Norway imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na mwenye pasipoti ya Kenya anatakiwa awe na viza hiyo hata kama atashuka gatini kwa saa nne tu. Aliyeingia Uingereza kwa viza ya mgeni naye ahakikishe kwamba inamruhusu kuingia zaidi ya mara moja, maana meli ikishaondoka Southampton yeye amekwisha kutoka nchini. Mama aliomba viza ya Schengen akiwa bado nyumbani, na aliipata siku chache tu kabla ya ndege yake.

Chumba nilikichagua kwa ushauri wake. Nilipomwonesha ramani ya meli kwenye simu, hakuuliza habari za kitanda wala za televisheni. Aliuliza omo, yaani mbele ya chombo, iko wapi na tezi, yaani nyuma yake, iko wapi, akaweka kidole katikati, akaniambia tukae hapo na tukae chini kadiri iwezekanavyo, kwani chombo kikipanda na kushuka mawimbi, ncha ndizo zinazorushwa. Usiku wa kwanza katika Bahari ya Kaskazini kulikuwa na upepo, na ijapokuwa meli ina mapezi ya ubavuni yanayopunguza kuyumba, mwendo wa bahari ulisikika waziwazi. Sisi tulilala. Asubuhi yake, mama mmoja wa Kiingereza aliyekuwa na chumba kule omoni alitusimulia mezani jinsi alivyokesha akiwa ameshika ukingo wa kitanda. Ushauri wa binti wa nahodha basi nauandika hapa kama ulivyo: chukueni vyumba vya katikati, na mwenye magoti mabovu achague kilicho karibu na lifti, kwa kuwa njia za ndani ya meli hii ni ndefu mno kwa mtu wa kutembea na mkongojo.

Jambo lililonitia wasiwasi zaidi kuliko mawimbi lilikuwa sala. Mama alikuja na dira ndogo ya kibla aliyoinunua Mombasa, na siku ya kwanza tu sindano ilianza kuzunguka bila kutulia, kwa sababu chombo chote ni chuma na chuma huivuta. Tena meli hugeuka, kwa hiyo upande uliokuwa sahihi adhuhuri huenda usiwe sahihi alasiri. Suluhisho tulilipata kwenye televisheni ya chumbani, ambayo ina chaneli inayoonesha ramani na mahali meli ilipo. Nilimfundisha kutazama omo imeelekea wapi, kisha kukadiria kusini mashariki iko upande gani wa roshani. Siku ya tatu alikuwa hanihitaji tena. Nilimkuta amesimama mbele ya skrini na msala mkononi, akinung'unika peke yake, "Twaenda kaskazini, basi Makka i nyuma yangu, mkono wa kulia," na hakukosea. Mhudumu wa chumba chetu, kijana wa Kifilipino, alipogundua kwamba kila siku tunakisogeza kiti ili tupate nafasi ya kusalia, alianza kukisogeza yeye mwenyewe anapofanya usafi. Hakuuliza na wala hakutaja.

Naona humo ndimo ilimo anasa ya Queen Anne. Marumaru ipo, mazulia yapo, na ukumbi mkuu unaopanda sitaha tatu unapendeza macho, lakini vitu hivyo hupatikana katika hoteli nyingi. Nilichokilipia, na ambacho ningekilipia tena, ni ile hali ya mtu kukuangalia mara moja, akaelewa, na asikulazimishe kueleza. Tulichagua kula chakula cha jioni katika mkahawa wa Britannia kwenye meza moja ileile kila siku, saa ileile. Jioni ya kwanza nilisema kwamba mama hanywi pombe wala hali nyama ya nguruwe, na kwamba akiwa ugenini hupendelea samaki na mboga. Jioni ya pili glasi za mvinyo zilikuwa zimekwisha kuondolewa kabla hatujaketi, na mhudumu akamweleza mama taratibu, akimwinamia, ni samaki gani waliopo na kila mmoja amepikwaje. Mama, ambaye Kiingereza chake ni kidogo, alimwita "mwanangu" tangu siku hiyo, na yule kijana akaitika kwa jina hilo hadi tuliposhuka.

Chai ya saa tisa na nusu alasiri katika ukumbi wa Queens Room ni desturi ambayo Cunard wanaitunza kwa dhati, na mtu asiikose. Wahudumu huingia wakiwa wamevaa glavu nyeupe, wanamuziki wanapiga taratibu, na meza zinajazwa sandwichi ndogo zilizokatwa pembe, keki na skonzi za moto pamoja na jamu na krimu nzito. Mama alizisifu skonzi kwa moyo wote. Chai aliisema ni nyepesi, na hukumu hiyo naiheshimu, ingawa waliotengeneza walifuata mila ya kwao. Kila chumba kina birika la umeme, na yeye alikuwa amekuja na iliki na tangawizi kavu katika kikopo, kwa hiyo kila usiku tulijipikia yetu na kuinywa roshani tukiwa tumejifunika mablanketi. Jua lilizama karibu saa tano usiku, na hata baada ya hapo anga la kaskazini halikuwa jeusi. Lilibaki na rangi ya maji ya madafu. Magharibi na isha zilikaribiana mno, na alfajiri ikawahi kuliko mama alivyopata kuiona.

Nilikuwa na hofu kidogo kuhusu zile jioni za mavazi rasmi, ambazo wanaume huvaa suti nyeusi na tai ya kipepeo na wanawake magauni marefu. Kampuni inakubali pia vazi rasmi la taifa la mtu, basi mama alivaa buibui lake jeusi lenye darizi ya fedha mikononi na mtandio wa hariri. Mbele ya lifti tulimkuta mzee wa Kiskoti aliyevaa sketi ya kabila lake, soksi ndefu na kijisu kilichochomekwa mguuni. Alimwinamia mama. Mama akatazama ule mshono wa mistari kwa makini, kama anavyotazama kitambaa dukani, akaniambia nimwulize ni yadi ngapi. Zilikuwa nane. Wakabaki wakioneshana darizi na marinda mpaka lifti tatu zikapita, na mimi nikiwa mkalimani katikati. Asiyetaka kuvaa hivyo ana sehemu kadhaa za kula na kukaa ambako masharti si makali, na kwa hiyo hakuna anayefungiwa chumbani kwa kukosa gauni.

Kuhusu fedha nitasema machache. Melini hakuna noti: unalipa kwa kadi ya chumba iliyounganishwa na kadi yako ya benki, na bei zimeandikwa kwa dola za Marekani hata kama umepanda Uingereza. Ada ya huduma huongezwa kwa kila mtu kwa kila siku, na intaneti, vinywaji vingi na matembezi ya nchi kavu hulipiwa mbali. Ipo pia mikahawa ya kulipia. Tulikwenda mara moja ule wa Kihindi uitwao Aranya, na mama, aliyekulia kwenye mapishi yenye asili ya Gujarat, alimaliza dengu yake na kuulizia bizari. Abiria wa madaraja ya juu, Princess Grill na Queens Grill, wana mikahawa na sehemu yao ya sitaha ambayo wengine hatuingii. Kwa maoni yangu, mwenye akiba ya kawaida aiweke kwenye roshani kwanza, kwa kuwa katika fyodi roshani ndiyo safari yenyewe.

Stavanger inafaa sana kwa wazee, kwani meli hufunga gati ubavuni mwa mji wa kale wenye nyumba nyeupe za mbao, na mtu anaweza kutembea hatua chache, akapumzika kwenye benchi, kisha akarudi. Lakini siku iliyobaki moyoni mwetu ni ya Olden. Ili kufika huko meli huingia Nordfjord, ambayo kutoka mdomoni hadi mwisho wake ina kilomita zipatazo 106, na kwa saa kadhaa za asubuhi tulipita katikati ya milima iliyosimama pande zote mbili, maporomoko yakishuka kama nyuzi za pamba, na chombo cha ukubwa ule kikienda kimya kiasi cha kusikia kengele za kondoo kutoka nchi kavu. Mama hakuzungumza. Alikuwa ameshika ukingo wa roshani kwa mikono miwili, amevaa sweta mbili na shali yangu juu yake.

Aliniuliza kwa nini bahari ya huku ni ya kijani iliyochanganyika na maziwa, nikamweleza kwamba ni unga wa mwamba, unaosagwa na barafu za mlimani na kuteremshwa na mito. Hakuridhika. Tuliposhuka alikwenda moja kwa moja ukingoni mwa maji, akachovya kidole na kukiweka ulimini, akageuka akiwa amekunja uso. "Haya si maji ya bahari," akasema, "hayana chumvi." Alikuwa karibu na ukweli, kwa kuwa wakati wa kiangazi maji ya barafu iliyoyeyuka hutanda juu ya maji ya chumvi kule mwisho wa fyodi. Baadaye tulipanda basi hadi bonde la Briksdal, tukachukuliwa na gari dogo la wazi hadi karibu na barafu yenyewe, lakini nadhani kile kidole kilimtosha.

Usiku wa mwisho mizigo huwekwa nje ya mlango ikiwa imefungwa vibandiko vya rangi, na asubuhi abiria huteremshwa kwa zamu kufuata rangi hizo, jambo linalokwenda upesi na bila kusukumana. Mimi nilikuwa nimelala. Mama aliamka kusali alfajiri, kisha akanitikisa bega na kunivuta hadi roshani bila hata kuniacha nivae ndara. Chini yetu, kwenye giza lililoanza kupauka, mashua ndogo yenye taa ilikuwa ikienda sambamba na meli, imejibana ubavuni, na mtu mmoja aliyevaa jaketi la uokozi akapanda ngazi ya kamba na kuingia mlango uliofunguliwa karibu na maji. "Yule ni rubani wa kuingiza meli bandarini," akaninong'oneza. "Babu yako alikuwa akisema, nahodha bora ndiye anayemngoja." Tulisimama hapo mpaka ile mashua ikageuka na kurudi zake.