Uzoefu wangu na Toyo R888R: tairi la mbio kwa gari linalorudi nyumbani kwa magurudumu yake

Kwa mtu ambaye gari lake la mbio ndilo hilo hilo linalompeleka kazini Jumatatu, sijaona tairi linalofaa kuliko Toyo Proxes R888R. Nasema hivyo nikiwa nimelitumia nyuma ya Chaser yangu hapa Mombasa wakati wa kaskazi na jua lake, na mwanzoni wakati wa masika pia. Hata hivyo si kila mwenye gari lililoongezwa nguvu anapaswa kulinunua, na kuna miezi ambayo mimi mwenyewe nalivua.

Gari ni Toyota Chaser JZX100 ya gia za mkono, injini 1JZ-GTE. Ilipotoka kiwandani mwaka 1996 iliandikiwa nguvu za farasi 280, na mvuto wake mkubwa (nguvu ya kuzungusha magurudumu), nyutoni mita 378, ulikuwa ukifika mapema sana, kwenye mizunguko 2,400 kwa dakika. Yangu ina turbo kubwa zaidi, intakula (kipoza hewa ya turbo) ya mbele na klachi ngumu. Nguvu yote hiyo inashuka kwenye matairi mawili ya nyuma, na tairi la kawaida halina ubavu wa kuishika. Gia ya kwanza moshi, ya pili moshi, mwenzako keshaondoka.

Wengi huanza kwa kuuliza tairi lipi linashika zaidi. Mimi nilianza na lami nitakayoondokea, kisha njia ya kurudi. Na nikisema kuondoka nina maana ya kuanza mbio za drag, za mstari ulionyooka, siku ya mashindano, njia imefungwa rasmi na gari la wagonjwa liko kando. Barabara ya Dongo Kundu imenyooka na inashawishi, lakini ina malori, bodaboda na watu wanaovuka. Siyo mahali pa kupimia tairi, na anayefanya hivyo anahatarisha watoto wa wenzake.

Matairi kipara kabisa, yasiyo na mifereji, kama ET Drag ya Mickey Thompson au yale ya Hoosier, niliyaondoa kwenye hesabu mapema kwa sababu hayaruhusiwi barabarani. Kazi ilikuwa kuamua kati ya R888R na radiali za drag, yaani matairi ya barabarani yaliyoundwa kwa mbio hizo za kunyooka, kama Nitto NT05R au ET Street R. (Mickey Thompson mwenyewe alikuwa dereva wa Marekani aliyevuka maili 400 kwa saa kwenye chumvi ya Bonneville mwaka 1960, kabla ya kuingia kwenye biashara ya matairi. Huyu alijua anachokiuza.) Katika kuondoka tu, radiali za drag zinaishinda R888R, hilo halina ubishi. Raba ya radiali hizo ni laini mno na tairi zima limeundwa kwa ajili ya kwenda mbele, mstari mmoja.

Tatizo ni kwamba tairi kama hilo linatoa uwezo wake wote pale njia ya mbio inapopuliziwa gundi, kama wanavyofanya Marekani, hadi kiatu kinakwama ukitembea juu yake. Lami ninazokimbilia mimi hazina gundi. Zina vumbi, mchanga, na mahali pengine dizeli iliyodondoka. Halafu mashindano mengi ninayokwenda yako bara, na gari langu halipandi lori. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480, na ni hizo hizo kurudi, nyuma ya matrela, kwenye lami inayochemka kuanzia Mariakani hadi Voi. Kuiteketeza raba laini ya drag kwa safari ya namna hiyo ni kutupa pesa. R888R ilitengenezwa kwa viwanja vya mbio vyenye kona, kwa hiyo imezoea kubeba joto kwa muda mrefu, na ukuta wake ni mgumu vya kutosha gari lisiyumbe ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa.

Saizi niliyochukua ni 255/40R17, yaani upana wa milimita 255 kwa rimu ya inchi 17, juu ya rimu za upana wa inchi 9. Hapa naomba tusikilizane, maana nawaona vijana wakinunua tairi pana kuliko yote wanayoyapata. Chaser yangu ilikuja na 225/50R16 nyuma, ambalo kipenyo chake ni milimita 631. 255/40R17 ina milimita 636, tofauti ndogo hata spidomita haishtuki. Ungechukua 275/40R17 ungefika 652. Tairi kubwa namna hiyo linarefusha gia zote kwa zaidi ya asilimia 3, gari linakuwa zito kuondoka, na juu ya hayo linaanza kusugua madigadi ukipakia watu nyuma. Unaongeza upana upate mshiko, kisha unaupoteza kwenye gia.

Kununua kwenyewe kunataka macho. Mjini kuna matairi ya mbio yaliyokwishatumika, yamepakwa dawa nyeusi yanang'aa kama viatu vya askari. Tafuta msimbo wa DOT ulioandikwa ubavuni mwa tairi. Tarakimu nne za mwisho zinakupa wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Msimbo kamili huandikwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo lililopangwa rafuni linaweza kuwa limegeuziwa ukutani. Duka moja, nilipoomba ligeuzwe, muuzaji alianza kunipigia hadithi kwamba tairi la mbio halina tarehe. Nilimshukuru nikaondoka. Raba ya aina hii ikikaa miaka kwenye joto inakauka na kuwa ngumu hata kama kashata (meno ya tairi) bado ni nzima. Bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba: mpira mzima unaacha alama inayorudi polepole, uliokufa haubonyei. Nililipia mapya. Angalia pia mshale wa mzunguko ubavuni, kwa sababu R888R ina upande wa kwenda mbele, na fundi mwenye haraka anaweza kulifunga kinyume.

Upepo ndio ulionipa furaha kubwa kuliko kitu kingine. Barabarani naweka psi 32. Siku ya mbio nashusha, na sikubahatisha kiasi cha kushusha. Nilichukua chaki nyeupe nikachora mstari mnene kukatisha uso wa tairi, bega hadi bega, nikaendesha kidogo kwa kunyooka, nikashuka kutazama. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika mabegani na kubaki katikati, umeshusha mno na tairi limejikunja. Kwa gari langu mstari ulifutika sawasawa karibu na psi 24. Gari lako lina uzito wake, kwa hiyo chora mstari wako. Tumia geji yako mwenyewe kila mara, kwa maana za vituo vya petroli hazikubaliani. Na kumbuka joto: upepo unapanda takriban psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto zinazoongezeka. Uliopima alfajiri ukiwa nyumbani si ule utakaokuwa nao saa nane mchana kwenye foleni ya mstari wa kuanzia.

Kuchoma tairi kabla ya kuondoka, yaani kulizungusha gari likiwa limesimama, fupi inatosha. Unatoa vumbi, unaipasha raba, unaacha. Kwa jua letu lami yenyewe imeshafanya nusu ya kazi, na ukilizidisha moto uso wake unakuwa kama una mafuta, mshiko unapungua badala ya kuongezeka. Mabadiliko niliyaona zaidi kwenye mita 18 za mwanzo, ndipo unaposhinda au kushindwa mbio ya mita 402. Zamani nilikuwa naachia klachi kwa uoga. Sasa gari linachuchumaa nyuma, uzito unahamia kwenye matairi, linakwenda.

Sasa mvua. Mzee anayenifungia matairi pale Kongowea aliyageuza mkononi, akapitisha kidole kwenye mifereji michache iliyopo, akaniambia, "Mwanangu, haya ni ya jua. Ikinyesha, yapumzishe." Nikamwambia, "Sawa, mzee." Alikuwa sahihi. Hii ni tabia ya matairi yote ya nusu kipara: mifereji ni michache, maji hayana pa kukimbilia, tairi linapanda juu yake. Hatari inaongezeka kwa mpangilio kama wangu, ambapo mbele kuna tairi la kawaida lenye mifereji mizuri na nyuma kuna la mbio. Mbele inashika, unaamini mambo ni sawa, kisha nyuma inaachia bila kubisha hodi. Kwenye Daraja la Nyali kukiwa kumelowa, au kule Bamburi maji yakisimama, hilo si jambo la kujaribia ustadi. Masika ikianza narudisha rimu za inchi 16 na matairi ya mvua, na za mbio zinalala ndani, mbali na jua.

Yanakwisha haraka, ujue hivyo kabla hujatoa pesa. Kipimo cha uchakavu kilichoandikwa ubavuni ni 100, wakati matairi mengi ya kawaida yana 300 au 400 na zaidi, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo linavyoliwa mapema. Yana kelele pia. Raba laini inaokota kokoto na kuzirusha ndani ya madigadi, hasa barabara za ndani za Kisauni. Mke wangu hapendi kabisa kupanda nyuma, nami simlaumu.

Kama gari lako ni la magurudumu manne kuvuta, au lina nguvu za kiwandani tu, huyahitaji haya. Tairi zuri la barabarani lenye upepo sahihi litakutosha. Kama una lori la kubebea gari na njia unayokimbilia imeandaliwa vizuri, nunua radiali za drag, utafurahi zaidi kuliko mimi. Kama uko kama nilivyo, gari moja kwa shughuli zote, kabla ya kufunga R888R mpe fundi akague bushi za difu (gia ya nyuma inayogawa nguvu kwa magurudumu), maunti za injini na gia, na shafti za nyuma. Tairi lililokuwa likiteleza lilikuwa linavipunguzia mzigo, na likianza kushika, mshtuko wote wa klachi unakwenda huko. Bushi zangu za difu zilikuwa zimechoka, tukabadilisha siku hiyo hiyo gari likiwa bado juu ya jeki.