Orléans hadi Amboise kwa Baiskeli: Siku Tatu Kando ya Mto Loire na Ndani ya Misitu ya Sologne

Tangu nihamie Ufaransa kutoka Morogoro nimeendesha baiskeli katika njia nyingi za nchi hii, na mtu akiniomba nimchagulie moja ya kuanzia, nitampa kipande cha La Loire à Vélo, njia ya baiskeli inayofuata mto Loire, kilicho kati ya miji ya Orléans na Amboise, kwa sharti kwamba asing'ang'anie ukingo wa mto mwanzo hadi mwisho. Njia nzima ina urefu wa takriban kilomita 900, kuanzia Cuffy karibu na mji wa Nevers hadi Saint-Brevin-les-Pins kwenye pwani ya Atlantiki, na ni sehemu ya EuroVelo 6 inayokata bara la Ulaya hadi Bahari Nyeusi. Kipande ninachokitathmini hapa hufikia kama kilomita 130 ukijumlisha mchepuko wa msituni, nami nilikipita kwa siku tatu mwezi Mei pamoja na shemeji yangu, mtu wa Bukavu ambaye ameishi Orléans kwa miaka mingi.

Niseme mapema kwamba utulivu wa njia hii unaosifiwa ni wa kweli. Mradi huu ulianzishwa mwaka 1995 na mikoa miwili inayopakana na mto, njia ikakamilika mwaka 2012, na kazi iliyofanyika katikati ya miaka hiyo unaiona kila unapofika njia panda: vibao vimewekwa pale hasa ambapo macho yanavitafuta, na sehemu kubwa ya njia hupita kwenye vijia vya baiskeli au barabara ndogo za vijijini ambako unaweza kukaa robo saa bila kusikia injini. Hata panapokuwa na magari, sheria inamtaka dereva aache nafasi ya mita moja na nusu anapompita mwendesha baiskeli nje ya mji, na mita moja ndani ya mji. Kwa siku tatu sikukutana na dereva hata mmoja aliyenibana. Kwa mtu aliyejifunza kuendesha baiskeli kando ya malori ya barabara kuu ya Dodoma, hilo halikuwa jambo dogo, na mabega yangu yalilitambua kabla ya akili.

Siku ya kwanza, kutoka Orléans hadi Beaugency, ni mwendo wa takriban kilomita 30, na sehemu yake nzuri zaidi ni ile inayopita juu ya matuta. Matuta haya yalijengwa na kuinuliwa kwa karne nyingi ili kuuzuia Loire usimeze mashamba, kwa hiyo unaendesha ukiwa juu kidogo ya bonde, mto upande mmoja na bustani za mboga upande wa pili. Mto wenyewe ni mpana na mtulivu kwa sura, wenye visiwa vya mchanga ambako ndege waitwao buabua hutaga mayai yao juu ya changarawe tupu, na ndiyo maana kuvikanyaga visiwa hivyo katika msimu wa kutaga kumepigwa marufuku mahali pengi. Asidanganyike mtu na utulivu huo akaingia kuoga, kwa kuwa mikondo ni mikali na mchanga huhama chini ya miguu. Katika vijiji vya bonde hili utaona alama za mafuriko zilizochongwa ukutani, na miaka inayojirudia ni ile ile: 1846, 1856, 1866. Katika kijiji kimoja nilisimamisha baiskeli chini ya alama ya aina hiyo, nikanyoosha mkono, na ncha za vidole zikaishia chini ya mstari.

Hapo Beaugency unavuka daraja la kale la mawe na kuingia ukingo wa kushoto, na mbele yako, kwa mbali, inajitokeza minara ya kituo cha umeme wa nyuklia cha Saint-Laurent. Baadhi ya waendeshaji hulalamika kwamba minara hiyo inaharibu mandhari. Mimi haikunisumbua, ila kipande hicho ni cha kawaida na unaweza kukipita bila kusimama.

Jambo linalohitaji tahadhari ni uso wa njia. Vibao havitofautishi vya kutosha kati ya lami laini na changarawe iliyoshindiliwa, na mwenye baiskeli ya mashindano yenye tairi za milimita 23 au 25 atajikuta akitetemeka mara kwa mara kandokando ya mto. Kwenye kipande cha kwanza cha changarawe shemeji alinitazama nikihangaika na usukani, akaniambia, "Shemeji, simama, punguza upepo kidogo kwenye tairi," na aliponipunguzia, baiskeli ilitulia mara moja. Ushauri wangu ni tairi za milimita 32 au zaidi, tyubu mbili za akiba na pampu ndogo. Anayetaka lami tupu anaweza kuipata, lakini ni lazima aiache njia yenye vibao na kufuata barabara za wilaya zenye namba inayoanza na herufi D, akichagua zile zinazochorwa kwa mstari mwembamba kwenye ramani.

Barabara hizo ndogo ndizo zilizonifanya niandike tathmini hii. Ukifika Saint-Dyé-sur-Loire, kijiji ambacho gati yake ilipokea mawe ya kujengea kasri la Chambord, unageuka kuuacha mto, na baada ya kilomita chache unapenya lango katika ukuta unaozunguka msitu mzima. Ukuta huo una urefu wa kilomita 32, na ndani yake kuna hekta 5,440 za mialoni, misonobari, mabwawa na nyasi, eneo la takriban nusu ya ukubwa wa jiji la Paris lenyewe. Tulilala Saint-Dyé ili tuingie humo kabla ya mabasi ya watalii, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi hapakuwa na mtu mwingine barabarani. Ukungu ulikuwa umelala juu ya nyasi kiasi cha kimo cha goti. Kandoni udongo ulikuwa umefukuliwa upya na nguruwe mwitu, mweusi na wenye unyevu, na harufu yake ilitufikia kabla hatujauona. Kisha kulungu jike wawili wakatoka kati ya miti, wakasimama katikati ya lami wakitutazama, na tuliposimama nasi tukasikia sauti moja tu, ya gurudumu la shemeji lililokuwa bado linazunguka taratibu. Kasri, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1519 kwa amri ya mfalme François wa Kwanza, lilijitokeza baadaye mwisho wa barabara iliyonyooka, na ngazi zake pacha zinazosokotana bila kukutana zinastahili tiketi. Hata hivyo, ningelazimika kuchagua kati ya kasri na ile nusu saa ya barabarani, ningeichagua barabara.

Kutoka Chambord njia fupi ya kwenda Blois hurudi mtoni. Sisi tulikwenda kusini hadi Bracieux, tukapinda kuelekea Cheverny na kuingia Blois kupitia msitu wa Russy, mzunguko wa takriban kilomita 30 ambao ningemhimiza kila mtu aufuate. Eneo hili ni ukingo wa Sologne, nchi ya mabwawa na misitu, tambarare kiasi kwamba gia ndogo hazihitajiki. Dosari yake ni nyua za waya zinazozunguka mashamba makubwa ya uwindaji: ukiingia ndani ya Sologne utakuta mahali ambapo waya unakufuata pande zote mbili kwa muda mrefu. Sheria ya Februari 2023 imeanza kubana uzungushaji huo wa waya ili wanyama wapate kupita, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Kuanzia vuli hadi mwisho wa Februari ni msimu wa kuwinda, kwa hiyo anayekuja miezi hiyo avae nguo za rangi kali na aviheshimu vibao vinavyotangaza msako.

Kuhusu huduma, tafuta nembo ya Accueil Vélo, ambayo hupewa nyumba za wageni na biashara zilizo chini ya kilomita tano kutoka njiani na zenye mahali salama pa kufungia baiskeli pamoja na vifaa vya matengenezo. Nyumba zote mbili tulizolala zilitimiza ahadi hiyo. Chakula ndicho kinachohitaji mpango: migahawa ya vijijini hupokea wateja wa mchana kati ya saa sita na saa nane, na Jumatatu maduka mengi ya mikate hufungwa. Maji tuliyapata makaburini, ambako Wafaransa huweka bomba la kumwagilia maua. Soma kwanza kama pameandikwa kwamba hayanyweki.

Lalamiko langu moja linahusu baiskeli ya kukodi. Duka moja njiani, ambalo sitalitaja, lilimpa shemeji baiskeli yenye raba za breki zilizokwisha kabisa, na tuliligundua hilo kwenye mteremko. Kagua breki, cheni na tairi mbele ya mwenye duka kabla hujatia sahihi.

Siku ya tatu, Blois hadi Amboise, ni kama kilomita 40, na ni siku yenye vilima, kwa sababu baada ya Candé-sur-Beuvron njia huacha bonde na kupanda kati ya miti na mizabibu. Miguu iliyochoka italalamika, lakini Loire inapoonekana tena kutoka juu ya Chaumont utafurahi kwamba ulipanda. Amboise, ambako Leonardo da Vinci alifariki mwaka ule ule wa 1519, ina watu wengi na magari mengi, na baada ya msitu tulitamani kuondoka haraka.

Treni za mkoa zinarudi Orléans kupitia Blois na zinapokea baiskeli, ingawa nafasi hujaa upesi wikendi za kiangazi. Kosa tulilofanya ni la mwelekeo: upepo wa bonde hili huvuma zaidi kutoka magharibi, na juu ya matuta hakuna cha kukukinga, hivyo tuliupokea kifuani kila tulipokuwa mtoni. Septemba tutaanzia Amboise na kumalizia Orléans, wakati kulungu dume wanapoanza kulia msituni usiku, na shemeji tayari amekwisha kununua tairi za milimita 35.