Fungu la "Wapenzi Hatari": muvi tano, flashi moja, na mguu usioonekana

Kwenye meza moja ya kuweka muvi jirani na Soko la Majengo hapa Dodoma, kompyuta ina folda limeandikwa "Wapenzi Hatari". Bei ni shilingi 3,000 kwa muvi tano. Ukichukua mojamoja kila moja ni 1,000. Zote zimetafsiriwa kwa sauti ya mtu mmoja, na ukizitazama kwa mbali hadithi ni ileile: mwanamume na mwanamke wanapendana, wanavunja sheria, wanakimbia na gari. Zimo Bonnie and Clyde ya 1967, Badlands ya 1973, True Romance ya 1993, Bunty Aur Babli ya 2005 na Queen & Slim ya 2019. Aliyelipanga fungu hili anajua muvi, tumpe haki yake. Mafungu mengi mjini hupangwa kwa sura ya staringi. Hili limepangwa kwa wazo.

Wazo lenyewe lakini lina mtego. Uongo wa muvi za namna hii uko kwenye mkasi, kwenye vile vipande ambavyo havikuwekwa. Na mtafsiri naye ana mkasi wake.

Ya kuanza nayo ni ya 1967. Mwongozaji ni Arthur Penn, staringi ni Warren Beatty na Faye Dunaway, dakika 111, na kopi hii inazo zote, picha safi. Tazama mavazi kwanza. Bereti ya Dunaway ilizua fasheni mwaka uleule. Gari linang'aa, barabara nyeupe, tambarare imenyooka kama ya Bahi, na kila wakikimbia polisi inapigwa banjo ya kuchekesha. Unajikuta unawashangilia kabla hujajua wamefanya nini.

Hawa walikuwa majambazi wa kweli huko Marekani. Bonnie Parker wa kweli alikutana na Clyde Barrow Dallas, Texas, Januari 1930. Alikuwa mke wa mtu: aliolewa 1926 kabla hajatimiza miaka 16, na talaka hakuwahi kupata. Alipouawa huko Louisiana tarehe 23 Mei 1934 alikuwa na miaka 23, na kidoleni alikuwa na pete ya mume huyo. Clyde alikuwa na miaka 25.

Halafu kuna mguu. Usiku wa tarehe 10 Juni 1933, karibu na mji wa Wellington, Texas, Clyde alikuwa anakimbiza gari, akakosa kuona kwamba daraja la mbele liko kwenye ujenzi. Gari likaporomoka. Maji ya betri yakammwagikia Bonnie mguu wa kulia na kuuchoma vibaya sana. Fundi yeyote wa gereji anajua tone moja la maji yale linavyoifanya suruali; huu ulikuwa mguu mzima. Toka siku hiyo hadi anakufa alitembea kwa kurukaruka, au Clyde alimbeba. Karibu mwaka mzima wa kukimbia, kulala ndani ya gari na kuoga mtoni, huku mmoja hawezi kukanyaga chini. Kwenye muvi hakuna kitu. Dunaway anajeruhiwa bega, miguu ni mizima. Mguu ule ungeingia, muvi ingegeuka hadithi ya kuuguza mgonjwa, na nani angenunua bereti?

Kilichokatwa kingine ni fedha. Watu wengi wanadhani hawa walikuwa watu wa benki. Benki zilikuwepo, ila sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa maduka madogo ya vyakula na vituo vya mafuta, yaani duka la mangi na kijana wa pampu. Muvi inalificha hili kwa kisa kimoja kitamu: mkulima aliyenyang'anywa nyumba na benki anapewa bastola aipige risasi nyumba yake mwenyewe. Hapo hapo mtazamaji anaamini kwamba hawa wawili wako upande wa maskini.

Na kuna bibi harusi ambaye hayumo. Tarehe 1 Aprili 1934, Jumapili ya Pasaka, karibu na Grapevine, Texas, genge hili liliwaua askari wawili wa barabarani, Edward Wheeler na H. D. Murphy. Murphy alikuwa anajiandaa kufunga ndoa mwezi uleule. Mchumba wake alikwenda mazikoni amevaa gauni la harusi. Ukitaka kujua muvi imechagua mapenzi ya nani, hesabu ni ya namna hiyo: ni nani amepewa jina, na ni nani ameanguka tu njiani kama chupa tupu.

Polisi naye kafanyiwa vitimbi. Frank Hamer, mzee wa Texas aliyeongoza kikosi cha watu sita kilichowavizia, kwenye muvi anakamatwa na wapenzi hawa, anafungwa pingu, anapigwa picha, anadhalilishwa, kisha anarudi kulipiza. Haikutokea. Mjane wake na mwanawe waliishtaki studio, na mwaka 1971 wakalipwa nje ya mahakama. Kwa nini watengeneza muvi walikiongeza kisa hiki? Kwa sababu askari anayefanya kazi yake tu hawezi kuwa adui mzuri. Adui lazima awe na kinyongo, ndipo staringi aonekane ameonewa.

Mtafsiri ameikosea zaidi dakika ya mwisho. Ndege wanaruka kutoka vichakani. Kimya. Clyde anamwangalia Bonnie, Bonnie anamwangalia Clyde, vipande vifupi vifupi, halafu risasi. Penn aliirekodi kwa kamera kadhaa zenye kasi tofauti, ndiyo maana miili inaanguka kama inacheza. Kimya kile kina kazi: ndicho kinachogeuza mauaji kuwa harusi. Mtafsiri amekijaza: "Staringi keshashtuka! Demu naye keshashtuka! Lakini wapi!" Kibanda kizima kinacheka. Kwa bahati tu, bila kukusudia, ameuvunja ule ulevi. Sanaa imeharibika, ukweli umesogea karibu kidogo.

Hii desturi ya kufa pamoja haikuanza na mapenzi. Kuanzia 1934 studio za Hollywood zilisimamia kwa ukali kanuni zilizotaka mhalifu asionekane amefaulu, na kanuni hizo zilidumu hadi 1968. Kwa hiyo jambazi alilazimika kufa, na waandishi wakajifunza kukifanya kifo kiwe kitamu. Bonnie na Clyde wenyewe hawakuzikwa pamoja. Mama yake Bonnie alikataa, na wako makaburi mawili tofauti pale Dallas.

Badlands ndiyo hasara ya fungu hili. Iliyotoka ina dakika 94. Kopi ya Majengo ina 78. Aliyekata ametoa vipande vya polepole: msituni, jangwani, wawili wanacheza dansi usiku kwa taa za gari. Hilo lingevumilika. Kisichovumilika ni sauti. Muvi hii ya Terrence Malick inasimuliwa na msichana mwenyewe, Holly wa miaka 15 anayeigizwa na Sissy Spacek, kwa sauti bapa ya mtu aliyekariri magazeti ya mapenzi. Anasimulia mambo matamu huku mbele ya macho yako watu wanauawa. Maneno yanakwenda huku, picha inakwenda kule, na katikati ya hizo mbili ndipo muvi ilipo. Sasa mtafsiri ameizima sauti yake na kuweka yake yeye, yenye mbwembwe: "Jamaa anampenda huyu mtoto, mpaka basi!" Muvi iliyotengenezwa kuyacheka mapenzi ya kijambazi imegeuzwa kuyashangilia.

Na hapa si jambo la kuchezea, maana chanzo chake kinajulikana. Charles Starkweather alikuwa na miaka 19 na Caril Ann Fugate 14 walipopita Nebraska na Wyoming Januari 1958. Waliouawa wakati huo ni 10, na mmoja alikuwa ameshauawa na Starkweather mwezi uliotangulia. Miongoni mwao ni mama wa Caril, baba yake wa kambo na mdogo wake wa miaka miwili. Starkweather aliuawa kwa kiti cha umeme 1959. Caril alitoka gerezani 1976. Mtoto wa miaka 14 na mwanamume mwenye bunduki: hata kama alikwenda kwa hiari, neno "wapenzi" hapo linabeba mzigo usio wake. Muvi yenyewe imemwongeza msichana umri, na yule mtoto wa miaka miwili hayumo kabisa.

True Romance haina mengi. Tony Scott aliongoza, Quentin Tarantino aliandika, na kwenye maandishi mwanamume anakufa. Scott akawapenda mno, akawaacha hai ufukweni na mtoto wao anacheza. Begi la kokeini, maiti zimejaa chumba cha hoteli, na mwisho upepo wa bahari. Tafsiri yake ni nzuri kuliko zote nne nyingine, kwa sababu muvi ni ya maneno mengi na mtafsiri huyu kwenye maneno yuko nyumbani.

Bunty Aur Babli inauzwa sana, na inaeleweka kwa nini: nyimbo, treni, vijana wawili wa miji midogo wanaochoka kudharauliwa, na hakuna damu. Wanatapeli tu, hadi Taj Mahal wanaiuza. Baba mtu mzima Amitabh Bachchan, akiwa polisi, anawafukuza, na mwishowe anawasamehe na kuwapa kazi. Utapeli kwenye skrini unachekesha kwa kuwa anayetapeliwa siku zote ni tajiri mwenye tamaa. Mtu aliyewahi kupokea "ile hela tuma kwenye namba hii" na akaituma hacheki sana.

Queen & Slim ndiyo inayofanya fungu liwe na thamani ya 3,000. Melina Matsoukas ameongoza. Vijana wawili weusi wametoka kukutana kwa chakula mara ya kwanza, Ohio, polisi anawasimamisha, mambo yanaharibika, polisi anakufa. Hawakuwa wapenzi, kukimbia ndiko kunakowafanya wapenzi. Katikati ya safari wanapigwa picha wameegemea gari, na picha hiyo inawatangulia kila wanakokwenda, hadi ukutani. Muvi inakuonyesha kiwanda kilivyo: picha moja nzuri, na watu wasiowajua wanaanza kuishi humo. Bonnie na Clyde waliumbwa hivyo hivyo. Aprili 1933 walikimbia nyumba ya kupanga Joplin, Missouri, wakaacha kamera yenye filamu ambayo haijasafishwa. Gazeti la mji, Joplin Globe, likaisafisha, magazeti yakachapa: Bonnie na sigara nene mdomoni, bastola mkononi, mguu juu ya bampa. Ilikuwa mzaha wa kupigia picha. Miezi miwili baadaye mguu mmoja uliungua, lakini picha ilikuwa imeshatembea.

Kilichokosekana ni Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty kutoka Senegal, ya 1973 pia. Mory na Anta wanaiba wapate nauli ya kwenda Paris. Bandarini Anta anapanda meli, Mory anageuka na kukimbia. Mmoja anaondoka, mwingine anabaki, na hakuna risasi inayowaunganisha. Mwenye meza angeiweka mwisho wa folda, zile nyingine tano zingesomeka upya.

Sasa mambo ya kununua. Fungu zima hapa lina GB 6.8, kwa hiyo flashi ya GB 8 inatosha kwa shida. Chukua ya GB 16. Baadhi ya televisheni za bei ya chini zinasoma tu flashi iliyofomatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa faili. FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, lakini hapa kubwa zaidi ni GB 1.9, huna shida. Epuka zile flashi za GB 64 za bei ya kutupa: nyingine ndani ni GB 8, inakubali kunakili kila kitu, kisha muvi zinazozidi hizo GB 8 zinakwama.

Faili la True Romance ni la H.265, namna mpya ya kubana video. Televisheni ya zamani italitaja jina lake na kugoma kulifungua, au italeta sauti bila picha. Omba lile la H.264, namna ya zamani zaidi, wanalo. Queen & Slim ina sauti mbili ndani ya faili moja, ya mtafsiri na ya asili; bonyeza kitufe cha Audio kwenye rimoti ubadilishe. Badlands waombe ya asili yenye manukuu. Ipo folda jingine, haijakatwa, ila faili la manukuu lazima liwe na jina lilelile la muvi na likae pamoja nayo, vinginevyo televisheni hailioni.

Kabla hujaondoka usitazame mwanzo tu. Sogeza hadi dakika ya 40, kisha dakika tano za mwisho, kwa kila moja. Kopi iliyokatika katikati ya kunakili huanza vizuri kabisa. Na mwambie aitoe flashi kwa utaratibu. Kwenye foleni ya jioni wanaichomoa tu.

Hakuna alama ya umri kwenye folda wala kwenye flashi. Ukiondoa ile ya Kihindi, hakuna ya kuangalia na watoto, na True Romance ina mwanamke anayepigwa hotelini kwa dakika kadhaa bila mkasi wowote. Hakuna pia dalili ya kibali cha wenye muvi, kama meza nyingi za biashara hii.

Faili likigoma wanabadilisha bure, mradi urudi siku hiyohiyo kabla ya saa mbili usiku. Kesho yake anakaa kijana mwingine, na yeye fungu hili halijui, analiita "muvi za zamani".