Tuisheni ya Historia ya jioni pale Makole, nimesoma miezi miwili na haya ndo maoni yangu

Habari zenu wapendwa. Mi ni mfanyabiashara wa nafaka hapa Dodoma mjini, nilimaliza kidato cha nne 2011 nikaolewa nikazaa, saivi nimerudi kusoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) nifanye mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ada naitoa kwenye uwele na alizeti yangu mwenyewe kwahiyo tuisheni ikiwa mbovu naumia kweli, ndo maana naandika kirefu ili mwingine asipotee kama mi nilivopotea mwanzo.

Maana kabla ya hii nilisoma sehemu nyingine, siitaji jina. Kule ilikua ni kumeza tu, mwalimu anakuja na fotokopi anasoma nyie mnaandika, alafu zenyewe zina makosa, wameichukua sheria ya Marekani ya haki za kiraia ya 1964 na sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965 wakazifanya kitu kimoja. Nikaenda nayo hivohivo kwenye jaribio nikakatwa maksi zote za swali lile. Niliondoka.

Hii ya Makole ni chumba kimoja, mabenchi sita, ubao mweusi wa chaki, elfu 25 kwa mwezi, Jumatatu Jumatano na Ijumaa kuanzia saa 11 jioni. Mwalimu ni mzee mstaafu. Mada iliyonifanya niandike ni ile ya watu wenye asili ya Afrika kule Marekani, ambayo wengi tunaikimbia kwenye pepa kwa sababu majina ni mengi na miaka mingi.

Siku ya kwanza ya mada hakuandika kitu. Alisema mabenchi haya ni basi la Montgomery, mji wa jimbo la Alabama, mwaka 1955. Mabenchi ya mbele ya wazungu, ya nyuma ya weusi, na ya katikati mweusi anaruhusiwa kukaa mpaka mzungu akikosa siti, hapo mnanyanyuka. Nauli unalipa mlango wa mbele kwa dereva, alafu unashuka tena chini unazunguka kuingilia mlango wa nyuma, na kuna wakati dereva anaondoa gari na hela yako ameshachukua. Mi nilikua benchi la katikati na mama mmoja mtu mzima na vijana wawili. Akaja akasimama mbele yetu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, nyie wanne simameni. Vijana wakasimama, mama akasimama, mi nikajikuta nimeshikilia daftari tu sijui nifanye nini. Akasema ndivo ilivokua tarehe 1 Desemba, watatu walisimama, mwanamke anaitwa Rosa Parks akabaki amekaa, akakamatwa. Chumba kizima kimya. Ile tarehe sijaisahau mpaka leo na sikuikariri.

Alafu akatuambia kitu ambacho kwenye zile fotokopi hakikuwepo kabisa, kwamba miezi tisa kabla yake binti wa miaka 15, Claudette Colvin, alikua ameshakataa kunyanyuka kwenye basi mjini humohumo akakamatwa. Na kwamba usiku ule Rosa alipokamatwa mwalimu wa chuo anaitwa Jo Ann Robinson alikesha akichapa maelfu ya vikaratasi vya kuwaambia watu Jumatatu msipande basi. Yani Martin Luther King mwenyewe, kiongozi wa mgomo, mchungaji wa miaka 26, aliletwa mbele wakati mambo yameshapikwa na kina mama.

Mgomo wa kutopanda mabasi ukaenda siku 381. Mwalimu akasema hebu fikirini mtu anatoka Nkuhungu kuja mjini kwa mguu kila siku mwaka mzima na zaidi, jua hili na upepo huu wetu. Mi nikauliza swali la mtu wa sokoni, wale waliokua na magari ya kubeba wenzao petroli alilipa nani? Akafurahi sana na lile swali. Michango ya makanisani, akasema, na mpishi mmoja Georgia Gilmore, alifukuzwa kazi ya hotelini baada ya kutoa ushahidi mahakamani kuhusu manyanyaso ya kwenye mabasi, akaanza kupika kwake, kuku, keki, anauza yeye na wanawake wenzake hela inaenda kwenye petroli ya mgomo. Wakiulizwa imetoka wapi wanasema haijatoka popote, ili wanunuzi na wachangiaji wasijulikane wakafukuzwa kazi. Nilirudi nyumbani nikamhadithia mume wangu kabla hata sijavua viatu. Mwishoni mwa 1956 mahakama ya juu kabisa ya Marekani ikawa imeshaamua ubaguzi kwenye yale mabasi ni kinyume cha katiba.

Zile sheria mbili zilizoniangusha nazo alizitenganisha vizuri. Ya 1964 ni hoteli, kazi, shule, sehemu za watu wote. Ya 1965 ni kura, na ilikuja baada ya waandamanaji kupigwa virungu na mabomu ya machozi darajani pale Selma, humohumo Alabama, tarehe 7 Machi na nchi nzima ikaona kwenye televisheni. Kabla ya hapo mweusi wa kusini akienda kujiandikisha anapewa mtihani wa kusoma ambao karani ndo anaamua umefaulu au umefeli, na majimbo mengine unadaiwa kodi ya kichwa kwanza. Sisi kodi ya kichwa tunaijua ya mkoloni, ila ya kuilipa ndo upige kura sikuwahi kuisikia.

Na Malcolm X, mtetezi mwingine wa haki za weusi wa Marekani, alifika Dar es Salaam Oktoba 1964 akaonana na Mwalimu Nyerere, miezi minne tu kabla hajauawa. Hii alituambia kwa kupitia tu, mi ningependa tukae nayo zaidi.

Mapungufu yapo. Akishafika 1968, King ameuawa Memphis alipokwenda kuwasaidia wazoa taka waliogoma, anaanza kukimbia. Vita ya Vietnam, ambako Wamarekani zaidi ya 58,000 walikufa, na rais wao Nixon kujiuzulu Agosti 1974, vyote jioni moja na umeme ukakatika katikati, tukamalizia na tochi za simu. Nilitoka na tarehe tu, sababu sina. Nimemuomba airudie, amekubali Jumamosi moja bila hela ya ziada. Pia wanachelewa kuanza, wanasubiri watu wa maofisini watoke kule Mtumba kwenye mji wa serikali.

Kundi jipya linaanza mwezi ujao. Njoo na kaunta buku kubwa, na wahi, benchi la katikati linajaa mapema.