Kompyuta ya gemu kwa laki nane: uanze na ipi, uiache ipi

Ukiingia Kariakoo au Luthuli Avenue ukasema unatafuta kompyuta ya gemu, kitu cha kwanza kuoneshwa ni boksi lenye kioo ubavuni na feni zinazowaka kama taa za harusi. Lipite. Kwa laki nane hivi za Tanzania, au elfu arobaini za Kenya, taa hizo zimekula pesa ya kadi ya grafiki, na kadi ndiyo inayochora gemu. Nimezipanga njia hizi kuanzia ile ambayo ningemnunulia mdogo wangu leo.

1. Mtumba wa ofisini, halafu uongeze kadi

Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre hufika kwa wingi kampuni za nje zinapobadilisha vifaa. Ni mashine ngumu, na tangu mwishoni mwa 2025 zina faida nyingine: bei ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) imepanda vibaya kwa sababu ya vituo vya data vya akili mnemba, ilhali mashine hizi huja na RAM yake ndani.

Tafuta yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Core i5 ya kizazi cha nane, mfano i5-8500 yenye kori sita, yaani vitengo sita vya kuchakata. Tarakimu inayofuata kistari ndiyo kizazi; namba ikiwa na tarakimu tano, soma mbili za kwanza. Usishuke hapo, maana Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada Oktoba 14, 2025, na Windows 11 kirasmi huzikataa karibu prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi hicho. Gemu la Valorant nalo, ukiwa kwenye Windows 11, linadai TPM 2.0 na Secure Boot, ambavyo ni vipengele vya usalama vya mashine. Muuzaji atakwambia, "Lakini kaka, hii ni i7!" Mwulize namba kamili. i7-2600 ni ya 2011, na leo i3-12100F inaiacha mbali sana.

Kisha angalia umbo. Chukua boksi refu na pana. Lile jembamba hukubali kadi za kimo kifupi tu, ambazo ni adimu, na mwenye nayo anajua ni adimu. OptiPlex 3060 nyembamba, kwa mfano, ina pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine) ya wati 200. Usidhani utabadilisha pawasaplai baadaye kirahisi: Dell na HP nyingi zina viunganishi vyao wenyewe, na ile ya kawaida ya dukani haitaingia bila adapta.

Kwa hiyo unahitaji kadi inayokula umeme wa sloti (tundu inamochomekwa) peke yake, ambao kikomo chake ni wati 75. Mshindi wangu ni GTX 1650 ya GB 4. Igeuze uitazame kabla ya kulipa, kwa sababu matoleo mengine yana tundu la waya wa pini sita, na hayo hayakufai. GTX 1050 Ti itakuvutia kwa bei, ila ni ya 2016 na NVIDIA ilishatoa draiva yake (programu inayoiendesha kadi) ya mwisho ya magemu mapya mwishoni mwa 2025. Draiva zinazofuata ni za usalama tu. RX 6400 inakula umeme kidogo kuliko zote mbili, lakini hutumia njia nne tu za PCIe (mkondo wa data kati ya kadi na madabodi), na kwenye madabodi hizi za zamani nguvu yake hupungua.

Kwa mpangilio huo GTA V, Valorant na Counter-Strike 2 zinachezeka vizuri kwenye 1080p, ukishusha ubora wa picha kidogo pale inapobidi. Magemu mazito ya miaka hii ya karibuni yasahau kwa sasa. Na ikiwa unachotaka ni mpira tu na washikaji sebuleni, funga ukurasa huu ukanunue PS4 iliyotumika.

2. Ryzen 5 5600G, bila kadi kwanza

Prosesa hii ya 2021 ina grafiki ndani yake, hivyo unaweza kuunga mashine mpya leo na kadi ikaja mwakani. Grafiki hiyo huazima RAM ya kompyuta, kwa hiyo weka vipande viwili vya GB 8 kuliko kimoja cha 16. Kwa kipande kimoja gemu litakwamakwama na utamlaumu fundi bure. Ingekuwa namba moja kama si bei ya RAM.

3. Ryzen 5 5600 na RX 6600

Hii ndiyo nzuri kuliko zote hapa, ila laki nane haifiki. Kadi hiyo ya RX 6600 ina GB 8, inakula wati 132, na pawasaplai ya kweli ya wati 450 inaitosha. Ukishawishiwa uchukue RX 580 badala yake, kumbuka inakula wati 185 na luku ni yako. Kagua pia kama imeandikwa 2048SP: hiyo ni RX 570 iliyobatizwa upya.

4. Xeon za kuagiza China

Xeon ni prosesa za Intel za seva; E5-2680 v4 ina kori 14 na bei yake inachekesha. Lakini magemu mengi yanataka kori chache zenye kasi, na madabodi zake za X99 zisizo na jina zikifa huna pa kuzirudisha. Mimi sichukui.

5. Boksi la taa

Nimeshalisema.

Dukani, kabla hujatoa pesa

Nenda na flashi yenye GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi. Zipo kadi kuukuu zilizobadilishwa BIOS (programu yake ya ndani) zijiite GTX 1050 Ti, na programu hiyo huzigundua nyingi na kuziandikia neno FAKE. Endesha FurMark, programu inayoisukuma kadi hadi mwisho, dakika kumi na tano ukisikiliza feni. Muuzaji akisema umeme hautoshi au ana haraka, rudi siku nyingine.

Mwisho, tazama nyuma ya pawasaplai. Mitumba ya zamani kutoka Marekani huweza kuwa na swichi ndogo nyekundu iliyowekwa kwenye 115. Isukume iende 230 kabla ya kuchomeka, la sivyo utasikia mlio mmoja tu na harufu.