Kutoka Notepad++ hadi Geany: uzoefu wangu baada ya kuhamia Linux

Nilipotoka Windows kwenda Linux, nilichokikosa kuliko vyote ni Notepad++, kihariri cha maandishi na msimbo. Programu ile hutengenezwa kwa ajili ya Windows tu, na baada ya kuitumia miaka mingi vidole vyangu vilikuwa vimekariri njia zake zote.

Kompyuta yangu ina RAM ya gigabaiti 4. Kihariri cha kwanza nilichojaribu kina kila kitu, ila kimejengwa juu ya injini ya kivinjari, kwa hiyo nikikifungua sambamba na kivinjari chenyewe mashine inaanza kusuasua. Kazi yangu kubwa ni kufungua faili ya usanidi, kurekebisha mistari miwili na kuifunga. Nano, kihariri cha ndani ya terminali, nimeibakiza kwa kazi za kwenye seva, maana amri zake zinaonekana chini ya skrini. Vim, kihariri kingine cha terminali, naiheshimu, lakini inataka mtu ajifunze kuandika upya, na wiki ile nilikuwa na kazi ya kukabidhi.

Geany, kihariri ninachokitumia sasa, niliipata kwa kufuata jina moja: Scintilla. Hicho ndicho kijenzi kinachobeba kazi ya uhariri ndani ya Notepad++, na Geany nayo inakitumia. Undugu wao nikauona siku ya kwanza: msimbo unakunjika vilevile pembeni mwa namba za mistari, na Ctrl+D inarudufu mstari kama nilivyozoea. Inafunguka mara moja, na faili nilizoziacha jana nazikuta kwenye vichupo vyake.

Tahadhari kwa anayetoka nilikotoka: kwenye Notepad++, Ctrl+Q hugeuza mstari kuwa maoni, yaani mstari wa msimbo usioendeshwa. Kwenye Geany, Ctrl+Q hufunga programu nzima! Siku mbili za mwanzo nilikuwa naifunga katikati ya kazi. Kwa bahati huuliza kwanza kama kuna kitu hakijahifadhiwa. Nikaingia kwenye mapendeleo, sehemu ya vitufe, nikaiondoa amri hiyo pale na kuweka ile ya maoni, ambayo kwa kawaida iko kwenye Ctrl+E. Fanya hivyo kabla ya jambo lolote.

Lakini kilichonifanya nitulie na Geany ni miisho ya mistari. Windows humaliza mstari kwa alama mbili zisizoonekana, CR na LF. Linux hutumia LF peke yake. Hati zangu za Bash, yaani faili za amri za terminali, nilizoziandika zamani zilikataa kabisa kuendeshwa. Terminali ilinilalamikia kuhusu “^M” mwishoni mwa jina la bash, nami nikiutazama msimbo sikuona kosa lolote. Geany huonyesha aina ya mwisho wa mistari kwenye upau wa chini, pamoja na usimbaji wa herufi. Niliposoma CRLF pale chini nikaelewa. Nikaenda menyu ya hati, nikabadilisha kuwa LF, nikahifadhi, hati ikaenda. Saa nzima nilikuwa nimeipoteza kwenye kihariri kingine ambacho kilinificha jambo hilo.

Kurekodi makro, yaani mfuatano wa hatua za kurudiwa, hakumo ndani ya Geany moja kwa moja. Inabidi usakinishe programu-jalizi. Kwangu hilo halikuwa zito, kwani mabadiliko mengi ya kujirudia nayafanya kwa kutafuta na kubadilisha, na dirisha lake la Ctrl+H linakubali semi za kawaida (regex), yaani ruwaza za kutafutia maandishi. Mwenye kuishi kwa makro aanze na programu-jalizi hizo kabla hajahamisha kazi zake.