Unaanza Podkasti Kwenye Nyumba ya Mabati? Tazama Hii Kabla Hujanunua Maiki

Amosou! Karibuni tena, tuko Kisumu, tuko Manyatta, na leo nimekasirika kidogo. Lakini kwanza skizeni hii. Mimi nanyamaza.

Mmeskia? Hiyo ni tuktuk. Hiyo chwaaa ni mama jirani anakaanga omena. Na huyo jogoo mwenyewe hata simjui. Zote zimenaswa na hii maiki ya kondensa hapa mezani, na dirisha nimefunga! Kampuni siitaji, duka pia silitaji, ila jamaa wa kaunta aliniambia, "Bosi, hii ndiyo watu wa studio wanatumia." Na hakudanganya. Watu wa studio wanatumia kondensa. Shida ni kwamba mimi sina studio. Mimi nina chumba kimoja, mabati juu, dari hakuna.

Niliteseka nayo miezi minne. Wale mliokuwa mkiniandikia, "Kaka, mbona unarekodia sokoni," sikuwa sokoni. Nilikuwa kitandani.

Sasa naweka hiyo kando. Nashika hii. Skizeni tena, jogoo bado anawika, tuktuk bado zinapita, omena bado ziko kwa moto. Ziko wapi? Ziko mbali huko, si ndiyo? Hii ni Samson Q2U, na ni dainamiki. Mambo ya biti na hertz yako kwa boksi, mtajisomea.

Tofauti iko hivi. Kondensa ina utando mwembamba mno ndani, kitu kidogo tu kinautikisa. Dainamiki utando wake umebeba koili ya waya, na ni sauti yako inayoisukuma hiyo koili ndani ya sumaku. Ni nzito, ni mvivu, haiamki mpaka uisogelee uiamshe. Huo uvivu ndio nautaka.

Lakini usogee! Tazameni vidole vyangu: vinne, kutoka mdomoni mpaka kwa maiki. Hapa sauti imejaa, mtangazaji kabisa. Sasa narudi nyuma, vidole vinane. Mmeona imepungua? Ukiongeza umbali mara mbili unapoteza kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na tuktuk haijarudi nyuma na wewe, iko palepale barabarani. Narudi tena, mkono mzima. Sasa naongea nikiwa ndani ya mtungi. Mtu akiniambia maiki yake mbaya, kwanza namuuliza anakaa umbali gani.

Nyingine, na hii ndiyo napenda kushinda zote. Inaskia mbele, nyuma ni kiziwi. Naigeuza. Naongea na mkia wake sasa, sauti ile ile, sijashusha. Mnaniskia kwa mbali tu. Kwa hivyo mkia unaelekeza kwa kelele: dirishani, mlangoni, kwa jogoo. Na hii unaongelea kwa ncha, kama maiki ya mhubiri, si ubavuni. Nimeona vijana wameisimamisha wima, wanaongea na kiuno chake, halafu wanalalamika.

Tujaribu herufi mbaya. "Baba alipanda pikipiki kupeleka papai Kibuye." Puh, puh, puh. Sasa naipinda kidogo, upepo wa mdomo upite kando. "Baba alipanda pikipiki kupeleka papai Kibuye." Afadhali, si ndiyo? Na mkiwa soko la Kibuye Jumapili nunueni pazia nzito za mitumba, mbili tatu, mtundike nyuma yenu na pembeni. Povu za ukutani wacheni kwanza. Godoro likisimamishwa ukutani ni bora zaidi, na tayari unalo.

Kwa sababu ya hiyo hiyo Jumapili, chaneli inahama siku. Video zitatoka Jumatano, spika za makanisa zimenishinda. Sabskraibu usipotelee njiani.

Najua kuna mtu ataandika hapo chini, "SM7B je?" Ndugu yangu. Hiyo ni maiki ya kampuni ya Shure, iko sokoni tangu 2001, ni dainamiki pia, ni tamu, sikatai. Lakini kule Marekani tu imezoea kuuzwa dola 400 hivi, na inataka kuongezewa nguvu sana, kama desibeli 60, kwa hivyo bado utanunua audio intafesi, kile kisanduku cha kuunganisha maiki na laptopu, yenye misuli. Hiyo ni pesa ya ng'ombe. Hii yangu nililipa shilingi 12,500, nauli ya kifurushi kutoka Nairobi ikiwa ndani. Dola ikipanda bei inapanda nayo, msije kunigombeza.

Kasoro zipo. Kile kistendi cha miguu mitatu ni kifupi, unainama kama unachota maji, na ukigonga meza, du! inaingia. Swichi nayo inalia kwa rekodi ukiigusa. Lakini ina tundu la hedifoni hapa chini, unajiskia bila kuchelewa, na laptopu ikiwa na chaji, stima ikipotea unaendelea tu.

Mkiwa wawili? Hapo msichomeke maiki mbili za USB kwa laptopu moja, zitawapa kichwa. Nunueni Q2U ya pili, muachane na USB mtumie XLR, ile waya ya pini tatu ya maiki za studio, kwa sababu hii ina njia zote mbili, na mtafute intafesi ya matundu mawili. Intafesi ya Scarlett Solo ina tundu moja tu la XLR, kwa hivyo angalieni ndugu yake, Scarlett 2i2. Mkirekodi ingieni Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, ni ya bure, niliwafundisha kwa video ya...

Aki, mmeskia? Hayo ni matone. Ngojeni... hapana, imekuja yote. Naipeleka maiki karibu kabisa, mdomo umeigusa, MNANISKIA? Hapo hata dainamiki inasalimu amri. Jumatano, jamani, Juma...